Uyoga Katika Kikapu cha Uwase

Jumamosi baada ya mvua, familia yetu huingia msituni, huku kijijini kwetu Keza. Baba hutufumbisha macho ili tutambue ndege kwa sauti zao. Kisha tunachuma uyoga, na Mama hukagua kila kikapu kabla hatujarudi nyumbani.

Siku zote mshindi wa kutambua ndege na kuchuma uyoga nilikuwa mimi, Agripina. Likizo hii akaja Uwase, mtoto wa mama mkubwa, kutoka mjini Kabanga. Nilidhani mtoto aliyekulia karibu na mabasi ataogopa msitu. Wapi! Alitambua ndege sita, mimi wanne. Kikapu chake kikajaa, changu kikabaki na uyoga wa kuhesabika.

"Agripina, tazama mwenzako anavyoukata bila kuuponda," Mama alisema.

Wivu ulinishika. Uwase alipokwenda kijitoni kunawa, nilichuma uyoga mweupe wenye sumu, ambao Mama ametukataza hata kuugusa, nikauchomeka ndani ya kikapu chake. Nilitaka Mama aukute, amgombeze mbele ya Baba. Basi.

Mama alikagua changu. Alipofika kwa Uwase, alitabasamu tu.

"Chako sina haja ya kukikagua, mwanangu. Umefundishwa na dada yangu."

Njia nzima nilitembea nyuma yao. Kusema niliona aibu, kunyamaza niliogopa. Nyumbani sufuria ilibandikwa jikoni, maji yakachemka. Mama akachanganya uyoga wote kwenye beseni, akashika kisu huku akizungumza na Baba.

"Mama, usipike," nilisema. "Kuna uyoga mbaya. Nimeuweka mimi, Uwase agombezwe."

Mama aliweka kisu chini. Baba alibeba beseni, akaenda kufukia uyoga wote nyuma ya nyumba. Uwase alinitazama, machozi yakamlengalenga.

"Hata mimi nimekosa, sikukagua," Mama alisema hatimaye. "Na wivu nao naujua, nilimwonea dada yangu miaka mingi. Lakini ukiuficha moyoni, utakutuma ufanye mambo usiyoyaweza. Ulitaka mwenzako agombezwe, kidogo utuue sote, na wewe ukiwemo. Siku nyingine ukiona wivu, njoo uniambie. Sitakucheka."

Tulikula ugali kwa maharage ya jana. Nilimwomba Uwase msamaha, akaitikia kwa kichwa tu. Hakuzungumza nami mpaka kesho yake jioni, na sikuwa na haki ya kumlaumu.