Tabibu Aliyevuka Mto

Harufu ilianza siku ya Jumatano, adhuhuri, wakati mji mzima wa Lucknow, huko India, umejifungia ndani kukimbia joto. Harufu ya tope la mto. Nawabu Dilawar Qadr, mmoja wa makabaila wa mji, aliinusa kwenye ngazi za jumba lake, akatazama chini, akaona nyayo za maji zikipanda kuelekea chumbani kwake. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi minane.

"Rahiman!" alimwita mtumishi aliyemlea. "Nani kapita hapa na miguu imelowa?"

"Hakuna mtu, bwana mkubwa. Wote wako jikoni kwa Bibi Qudsia."

Mwaka ule wa njaa, Dilawar, mtu aliyechoshwa na ngoma, mashairi na kupiganisha kware, alikuwa amemfungulia Qudsia, mjane aliyetaka kulisha wenye njaa, jiko la marehemu baba yake, kwa uvivu tu, maana kumkatalia kungemchosha zaidi. Qudsia alipikia watu mia tatu kila siku, mchele na dengu, na alimkaripia Nawabu kama kijana wake wa jikoni.

"Kama umekuja kutazama, kaa mbali na moshi. Kama umekuja kusaidia, shika upawa huo."

Akaushika. Baada ya miezi mitatu, Dilawar alikuwa haamki asubuhi ila kwa ajili ya sauti ile inayomkaripia. Naye Qudsia, bila kusema neno, alianza kumwekea ukoko kando, kwa kuwa aliona anaupenda.

Kulikuwa na jambo ambalo Dilawar hajamwambia. Mume wa Qudsia, tabibu Mustajab, alizama miaka miwili nyuma akivuka mto Gomti uliofurika, ameitwa kwa mgonjwa. Qudsia hakupata kujua mgonjwa huyo ni nani. Alikuwa Dilawar, na siku hiyo hakuwa na hata mafua.

Ijumaa, adhuhuri vilevile, sauti ilisikika nyuma ya mlango wake, ya adabu, imejaa maji: "Mgonjwa yuko wapi?"

Dilawar alimwita Shehe Miran, mjuzi wa kutoa majini. Mzee alinusa ngazi, akakunja uso.

"Huyu si marehemu," alinong'ona. "Ni jini wa mtoni, ameokota maneno ya mwisho ya mtu. Hatoki mpaka aliyemwita tabibu amjibu, na mjane asikie."

"Na nikinyamaza?"

"Atatafuta mwingine wa kumjibu."

Dilawar alinyamaza siku tatu. Kila alipofungua kinywa, alimwona Qudsia akicheka katikati ya moshi, akakifunga.

Siku ya nne Rahiman alikuja mbio, hana pumzi. "Bwana mkubwa, Bibi Qudsia ameacha masufuria motoni! Anasema mumewe anamwita!"

Dilawar alikimbia kupitia bustani iliyokauka, viatu vikimvuka, Shehe nyuma yake akisoma dua, na alipofika kwenye ngazi za mtoni alimwona Qudsia amesimama majini mpaka kifuani, pale pale ambapo jana mbuzi walivuka bila kulowa magoti, uso wake unang'aa kama wa bi harusi, mkono ameunyoosha kwa kitu kisichoonekana, na maji yakipanda polepole, hayana wimbi, yakiuliza kwa adabu ile ile mgonjwa yuko wapi.

"Nionyeshe njia, mume wangu," Qudsia alikuwa akisema. "Twende wote."

"Hakukuwa na mgonjwa!" Dilawar alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyekuita, Mustajab! Nilikuwa mzima! Ulikuwa mchezo!"

Shehe alisoma, akatupa chumvi majini. Maji yalishuka ghafla, kama mtu aliyekata tamaa ya kungoja, yakamwacha Qudsia amesimama kwenye tope. Dilawar alimfuata, akataka kumshika mkono. Qudsia aliuondoa.

"Mchezo gani?"

"Tulibishana na marafiki kama atavuka. Tuliwekeana dau, jozi ya njiwa."

"Wewe ulisemaje?"

"Nilisema atakuja."

"Kwa nini?"

"Kila mtu alijua kuwa ni mwema."

Qudsia alikamua shela yake taratibu, pindo kwa pindo.

"Watu wanangoja chakula," alimwambia Rahiman, akapanda ngazi.

Alipika katika jiko lile mpaka mvua ziliporudi, hakukosa hata siku moja. Alimpakulia kila aliyekuja. Dilawar alikuwa akisimama kwenye foleni, na zamu yake ilipofika, Qudsia alimjazia bakuli kama la wengine, bila ukoko, kisha akamtazama aliye nyuma yake.