Chura wa Vipele na Sahani ya Bi Mwatum

Mashavu na mumewe Mjaka wanakaa Mkunazini, nyumba yenye uwa mdogo nyuma. Wana paka wao, jina lake Bwana Afya. Wamempa jina hilo kwa sababu kila jioni hukagua majiko ya watu. Hakuna aliyemwajiri.

Mwezi wa Ramadhani, Mashavu na jirani yake Bi Mwatum hupelekeana futari. Sahani hairudi tupu. Imekuja na muhogo, inarudi na kaimati. Ni miaka ishirini sasa.

Mwaka huu mvua za masika ziliingia ndani ya Ramadhani. Siku moja alasiri Bi Mwatum alileta muhogo wa nazi na samaki. Mashavu akaifunika sahani kwa kawa. Bwana Afya akaisukuma kawa, akakagua kipande cha samaki, akatoka zake uani.

Adhana ya magharibi ikalia. Mashavu akaenda kuswali kwanza. Mjaka akala tende moja, akaivamia sahani.

Mashavu aliporudi, Bwana Afya naye akaingia. Mdomo wake umejaa povu! Anatikisa kichwa, mate yanamwagika.

"Yallah! Paka kala nini huyu?"

"Kala samaki wa Bi Mwatum," Mjaka akajibu. Kisha akaitazama sahani. Imebaki miba tu. "Na mimi nshakula."

"Katutilia sumu!" Mashavu akapiga kelele. "Juzi nilimwambia kaimati zake ngumu. Kumbe kaweka moyoni!"

Mjaka akajilaza mkekani, kashika tumbo. "Nisamehe, mke wangu. Ile redio yako haikuibiwa. Niliiuza."

"Uliiuza?"

"Nnakufa, Mashavu."

"Usife kwanza, tuzungumze! Na sahani hii haivuki tena mlango wa Mwatum. Kesho mtaa mzima utajua."

Juu ya nyumba ile anakaa Saadiya, binti anayefanya kazi hospitali ya wanyama. Alisikia kelele, akashuka mbio. Alimpita Mjaka, akamshika paka.

"Mwanangu, mgonjwa ni mimi," Mjaka akalalamika.

"Subiri, Mzee Mjaka. Wewe huna povu."

Saadiya alilowesha kitambaa, akampangusa paka mdomo na ufizi. Akakisuuza, akapangusa tena na tena. Halafu akauliza, "Katokea wapi?"

"Uani," Mashavu akajibu.

Saadiya akawasha tochi ya simu, wakatoka. Nyuma ya mtungi alikaa chura mnene, katulia kama mwenye nyumba.

"Huyu ndiye aliyemtoa povu," Saadiya akasema.

"Chura? Mbona juzi paka kamtafuna chura mwengine, hakuwa na neno?"

"Kama huyu?" Saadiya akamulika ukingo wa ndoo. Palikuwa na chura mwembamba.

"Ee, kama huyo."

"Sote tunawaita vyura, Bi Mashavu, lakini watazame vizuri. Huyu wa ndoo ngozi yake laini, imelowa. Miguu ya nyuma mirefu." Akaigonga ndoo. Chura akaruka mpaka upande wa pili wa uwa. Mashavu naye akaruka.

"Huyu mnene ngozi yake kavu, ina vipele. Miguu mifupi." Akamsukuma kwa ufagio. Chura akadunda mara mbili, akapumzika, kama Mjaka akipanda ngazi.

"Mbio hana, basi ana silaha. Unaviona vivimbe viwili nyuma ya macho? Humo mna sumu. Paka akimng'ata, inatoka, inamwasha mdomo."

Mashavu akakimbilia kopo la chumvi. "Nimmwagie afe!"

"La, mwache. Anakula mende wako. Hakurushii sumu, wala kumgusa hakuleti chunjua, hayo maneno tu. Ukimgusa, osha mikono, usijishike macho. Siku za mvua mfungie paka ndani kabla ya magharibi. Akitoka povu, mpanguse kama nilivyofanya. Akitetemeka au akianguka, mleteni hospitali mbio."

Mjaka akauliza kutoka ndani, "Kwa hiyo samaki..."

"Samaki hana kosa, Mzee."

Mjaka akakaa kitako. "Alhamdulillahi! Uji upo?"

Hata isha haijaadhiniwa, povu limekwisha. Bwana Afya alikuwa jikoni, kazini. Mashavu akashusha pumzi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Bahati yake, alikuwa hajamtangaza jirani yake mtaani. Kiapo chake kilisikiwa na mume na paka, na paka hasemi.

Kesho yake mlango wa uani ulifungwa mapema. Chura akabaki na mende wake, Bwana Afya akakagua kupitia dirishani. Mashavu akaipeleka sahani mwenyewe, imejaa kaimati laini.

"Mbona nyingi hivi leo?" Bi Mwatum akauliza. "Mjaka kawapenda samaki wangu?"

"Kawapenda, shoga yangu. Kawapenda mpaka kaungama."

Bi Mwatum hakuelewa, lakini alifurahi. Na siku ya Idi, Mashavu alikuwa na redio mpya.