Lenzi ya Kukodi Iliyopotea Mlandege

Nakutegea, na usiangalie pembeni kutafuta wa kukunong'oneza: jicho langu ni moja, halina kope wala chozi, nikilinyoosha mlima unakuja mlangoni. Ni nini?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Mbeya, maana ndiko jicho lenyewe lilikotoka. Ni lenzi ya kamera, ile ya kuvuta. Na Jumapili moja asubuhi, pale Mlandege, Iringa, lilikuwa halipo.

Kamera yenyewe ilikuwepo. Ilikaa mezani sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, pamoja na begi lake, chaja yake na betri ya akiba. Lenzi tu ndiyo iliyochomolewa.

Inspekta Bupe aliinama akaitazama bila kuigusa. Alikuwa mwanamke mrefu, Mnyakyusa, hana maneno mengi. Ndani ya koti la polisi alikuwa amevaa sweta, maana baridi ya Iringa haiulizi cheo.

"Nani mwenye kamera?"

"Mimi, Afande. Silvester Kalinga. Kamera ni yangu, lenzi nimekodi Mbeya ninakoishi. Afande, nisaidie. Mama yangu yuko chumba kile, anaondoka. Hospitali wametuambia tumrudishe nyumbani. Sina picha yake hata moja. Nyumba yetu ya Nyololo iliungua na picha zote. Nikimkosa sasa, nimemkosa moja kwa moja."

"Simu huna?"

"Ninayo. Lakini Mama akiona simu anajifunika. Ana kidonda shavuni, kimemla vibaya. Hataki kuonekana."

"Kwa hiyo?"

Silvester akaangalia sakafu. "Kwa hiyo nikatafuta lenzi."

Jibu hilo halikumtosha Inspekta. Akaliweka kando kwanza.

"Nani walibaki nyumbani?"

"Mimi na mke wangu Damari tulienda ibada ya kwanza na watoto. Alibaki Mama. Alibaki mdogo wangu Devota, mwenye nyumba hii, ndiye anayemuuguza. Na mume wake, Tadeo." Hapo sauti ya Silvester ikapanda. "Huyu hapa! Anatengeneza simu stendi, anajua wapi vitu vya watu vinauzwa!"

Akamrukia shemeji yake, akamkamata ukosi.

"Shemeji, niachie shati," Tadeo akasema. "Nililivaa kwa ajili ya kanisani, na kanisani kwenyewe sikufika."

"Mwachie," Inspekta akasema. Silvester akaachia, akakaa chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Tadeo. Ulikuwa wapi?"

"Nimelala, Afande. Jana tulikunywa ulanzi mtamu."

"Kuchomoa lenzi unajua?"

"Nyumba nzima inajua! Jana jioni shemeji alitukalisha kama darasani. Bonyeza hapa, zungusha, toa, funika shimo vumbi lisiingie. Mpaka Mama kule kitandani alisikia."

"Kama mwizi ungekuwa wewe, ungechukua nini?"

"Ningebeba vyote! Nani atanunua jicho bila kichwa?"

Inspekta hakucheka, ila shavu moja lilicheza kidogo. Akavaa glavu, akawasha tochi, akaisogelea kamera. Shimo la lenzi lilikuwa limefunikwa na kifuniko chake cha plastiki, kimekazwa vizuri. Mwizi wa haraka hafuniki kitu. Huyu aliogopa vumbi lisiharibu mali ya mwenzake.

Kwenye ukingo wa kifuniko palikuwa na alama ya kidole gumba. Rangi ya zambarau.

Akakitumbukiza kifuniko kwenye mfuko wa vielelezo. Kisha akatoka nje, akampigia simu Lea, mwenye duka la kukodisha kamera kule Mbeya.

"Alikuja kuchukua lenzi gani?"

"Hakujua gani, Afande. Alisema anasafiri na familia, anataka kupiga picha ukoo wote. Nikamwonyesha ile fupi ya milimita hamsini, nzuri sana kwa sura za watu, ila haivuti. Nikamwambia, hiyo ukitaka sura ni wewe mwenyewe usogee. Akakataa. Nikampa ya kumi na nane hadi mia mbili. Hiyo ni ya kila kazi. Ukiwa karibu unaingiza ukoo mzima, ukiwa mbali unavuta mtu mmoja. Huna haja ya kubadilisha lenzi njiani kwenye vumbi."

"Alisema kingine?"

"Aliuliza, ukijificha mbali ukampiga mtu, yule mtu anaweza kujua? Nikadhani anamfuatilia mke wake."

Inspekta akarudi ndani. Sasa lile jibu la Silvester lilikuwa limekamilika.

"Devota. Kidonda cha Mama anakisafisha nani?"

"Mimi, Afande. Wengine hawawezi, harufu inawashinda."

"Unakipaka dawa gani?"

"Ile ya zambarau."

Inspekta akaunyanyua mfuko wa vielelezo kwenye mwanga wa dirisha. Devota akaiona ile alama. Akaitazama muda mrefu, halafu akautazama mlango wa chumbani. Machozi yakamjaa.

"Ni mimi," akasema. "Nimeiba mimi. Nifunge, Afande."

"Devota!" Silvester akapiga kelele. "Wewe? Unajua unaninyima nini?"

"Umeificha wapi?" Inspekta akauliza.

Devota akatupa macho dirishani.

"Nauliza, iko wapi?"

"Nje... kwenye mahindi."

"Mahindi yapi? Yamevunwa yote. Nionyeshe mikono yako." Devota akainyoosha. Mikono myeupe ya sabuni, haina doa. "Ukimpaka Mama dawa unavaa glavu?"

"Ndiyo, Afande. Nesi alinifundisha."

"Basi kidole hiki si chako. Nani mwingine anashika shavu lile?"

Jibu lilikuwa nyuma ya mlango, na kila mmoja alilijua.

Inspekta akavua kofia, akaingia chumbani. Wale wengine wakabaki wamesimama kizingitini.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene." Mama Faustina alikuwa amelala ubavu, amejifunika kitenge kuanzia kichwani, limebaki jicho tu. "Mnyakyusa wewe, Kihehe umejifunza wapi?"

"Hapahapa mjini, Mama. Naomba nione mkono wako."

Mkono ukatoka taratibu, umekauka kama kijiti. Gumba lilikuwa la zambarau.

"Ulijuaje?" Mama akauliza.

"Uliifunika kamera, Mama."

"Si alisema vumbi linaiharibu?" Mama akaingiza mkono chini ya blanketi, akaitoa lenzi. Ilikuwa imefungwa kwenye leso safi. "Nimetembea mwenyewe mpaka sebuleni, nimeshika ukuta. Devota alikuwa jikoni. Yule mlevi alikuwa anakoroma."

"Kwa nini, Mama?"

"Jana nilikaa uani kuota jua. Nikajifunua, shavu lipate hewa. Nikaona kitu kinameta nyuma ya tangi la maji. Mwanangu, niliyemzaa, amejibanza ananilenga. Babu yake alikuwa anawinda swala hivyohivyo. Nikawahi kujifunika. Nikajua leo atarudi."

"Mama, nilitaka..." Silvester akaanza.

"Nyamaza, anaulizwa mwizi." Mama akavuta pumzi, ikakwama, ikaja. "Tangu wamefika, Afande, hakuna aliyevuka mlango huu isipokuwa Devota. Wananisalimia pale pale walipo sasa. Shikamoo Mama, marahaba, wameondoka. Mimi hawanitaki, sura wanaitaka. Ya kuweka mbele ya jeneza."

"Mama, usiseme hivyo!"

"Nimezika watu wengi mimi. Najua picha inatafutwa lini."

Damari akaanza kulia, amejiziba mdomo kwa khanga. Tadeo akageukia ukuta.

"Kuchukua mali ya mtu ni kosa, Mama," Inspekta akasema, sauti yake ikiwa imeshuka.

"Nifunge, basi. Ila fanya haraka."

Silvester akavuka kizingiti. Alivuka kama mtu anayeingia maji asiyoyajua kina. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, Mama. Niliogopa. Nikikusogelea ninaona unaondoka." Akalia kwa sauti, mwanaume mzima. "Sina picha yako. Watoto wangu watauliza bibi alikuwaje, nitawaambia nini? Mama, unakubali nikupige? Moja tu?"

Mama akakaza kitenge usoni.

Inspekta akaifungua ile leso, akaikagua lenzi, akampa Silvester mkononi. Akatoka hadi sebuleni, akaongea kwenye redio. "Kielelezo kimepatikana. Hakuna mtuhumiwa. Jalada lifungwe." Aliporudi kuaga, Mama alikuwa bado amejifunika. Silvester alikuwa amekwishaifunga lenzi kwenye kamera, ameishika kifuani, anasubiri.

"Mama, nimekuuliza."

Mama Faustina akashika pindo la kitenge. Akakishusha pole pole, kichwani, usoni, mpaka shingoni. Shavu likatokea lote, zambarau na nyekundu, na harufu yake ikajaa chumba. Silvester hakurudi nyuma. Vidole vyake vilikuwa juu ya kitufe.

"Hapana, mwanangu," Mama akasema. "Kaa hapa uniangalie."