Kibanda cha Kuungamia

Yaliyomkuta rafiki yangu Gerson, seremala wa Kizota, simwombei adui. Aliitwa kufanya kazi Kongwa, kwenye kanisa la zamani la Wakatoliki lenye malaika wa dhahabu, ambalo sasa ni la Waorthodoksi.

"Fundi, sisi tunaungama mbele ya ikoni, picha takatifu," padre mpya alimwambia. "King'oe hicho kibanda." Akaondoka.

Gerson akapiga magoti gizani mle kibandani, akifungua skrubu. Kwa vile hajui kunyamaza, akanong'ona kwa mzaha kwenye wavu unaomtenga padre na muungamaji: "Padre, nimemuua mke wangu."

Ng'ambo ya wavu kiti kikalia kwii. Mtu akashusha pumzi. "Nakuondolea dhambi zako."

Gerson alitoka mbio, bisibisi ikabaki sakafuni.

Nyumbani alimkuta mkewe, Dorkasi, ameinamia jiko, maharage yanaungua. Akamwita. Kimya. Bisibisi ile ile aliyoiacha Kongwa ilikuwa imezama shingoni mwake hadi kwenye mpini.