Aliya ya Mama

"Si yangu! Ni ya huyo anayepiga deki!"

Jameni, hivyo ndivyo Emily alivyoninyooshea kidole mbele ya mkaguzi, pale airport ya Doha, mwaka wa 2012.

Emily! Niliyelala naye chumba kimoja kule Al Wakrah, tukila sahani moja.

Nikabaki nimeshika ndoo, mimi mfanya usafi wa pale... Kazi yangu naiona ikienda hivi hivi.

Sikatai, nyama niliiagiza mimi. Emily alipoenda likizo kwetu Siaya, nilimtuma kwa Mama aniletee aliya, ile nyama tunayokausha. Miaka minne bila mkono wa Mama, wasee. Nyinyi mlio Gulf mnaijua hiyo hamu.

Mama mwenyewe siku hizo hapatikani kwa simu. Brathe wangu Japheth akawa ananiambia simu imeharibika, Mama yuko bize anakausha nyama yangu. Nikacheka, nikasema huyo ndiye Mama ninayemjua.

Sasa mkaguzi amevaa glavu, anaitoa kwa begi. Ni nyingi, si mchezo. Emily hajui Kiarabu, mimi nilikijua kwa kulea watoto wa watu kabla ya kazi ya deki, basi nikaitwa nitafsiri.

Cheti cha daktari wa mifugo kiko wapi? Hakuna. Ng'ombe alikaguliwa na nani? Hakuna. Mzee akakunja uso, akasema nyama nyingi hivi ni ya biashara, na kuingiza nyama ya kuuza bila cheti ni kesi nyingine kabisa.

Nikamgeukia Emily. "Anauliza unaenda kumuuzia nani."

Machozi yakaanza kumtoka.

"Mwambie haiuzwi, Akinyi. Nyama ya matanga haiuzwi."

"Matanga ya nani?"

Akafunika uso kwa mikono.

"Emily, matanga ya nani?"

"Ya Mama yako. Tulimzika nikiwa huko. Japheth alikuwekea sehemu yako."

Mkaguzi akauliza amesema nini.

Na mimi, kwa mdomo huu huu, nikatafsiri. Nikasema nyama hii si ya kuuza, ni ya mazishi ya mama yangu. Ndipo nikasikia nilichosema. Nikaketi pale pale kwenye maji ya deki.

Yule mzee alivua glavu, akanipa pole, akamwachilia Emily. Lakini sheria ni sheria. Aliya yote ikaingia kwa pipa.

Na mapipa ya pale, wapendwa, ni mimi niliyekuwa nikiyatoa.

Nikalisukuma polepole mpaka kwa tanuri la kuchomea taka, nikimwita Mama. Hayo ndiyo mazishi niliyohudhuria.

Watu wa nyumbani walinificha eti ningeacha kazi, na karo ya wadogo zangu ilitoka kwangu. Emily nilimsamehe, uoga ulimshika. Japheth bado.

Nyinyi mlio nyumbani, tukifiwa tuambieni. Huku tutalia chooni, tutanawa uso, tutarudi kazini. Lakini tutakuwa tumelia siku moja na nyinyi.