Lazima Uridhike

Fundi cherehani aliandika kibao kwa mkono wake mwenyewe, akakitundika juu ya mlango: MTEJA LAZIMA ARIDHIKE. Alikionea fahari, maana mwaka huo ndipo alipojifunza kusoma na kuandika. Tatizo ni kwamba neno "lazima" alilitilia maanani kupita kiasi.

Mteja akishajaribu nguo, fundi alisimama mlangoni, mkasi mkubwa mkononi. "Umeridhika?"

Mteja aliutazama mkasi. "Nimeridhika, fundi." Akaondoka, asirudi tena.

Asubuhi moja alikuja muuguzi kujaribu gauni la kazi. Likimfaa, fundi angeshona sare za wauguzi wote wa zahanati. Mezani hakuwa na kazi nyingine kubwa.

"Umeridhika, dada?"

"Nimeridhika," muuguzi alisema kwa sauti nyembamba, maana gauni lilimbana. Akalivua, akaliacha mezani. Akasema atapita siku nyingine.

"Huyo naye kaenda," alisema mke wa fundi, aliyekuwa akishona vifungo.

"Ameridhika. Si umemsikia mwenyewe?"

"Nimemsikia. Na mshono wa kwapani nimeusikia pia."

Mwalimu wa darasa la watu wazima alikuwa kwenye benchi, akisubiri zipu ya suruali yake. Akacheka.

"Kosa ni langu. Nilikufundisha kuliandika neno, sikukufundisha maana."

"Maana naijua, mwalimu. Kuridhika ni kusema ndiyo."

"Hiyo ni kuridhia. Ukiombwa jambo ukakubali, umeridhia, hata kama moyoni unanung'unika. Kuridhika ni moyo wenyewe kutulia, usione kilichopungua. Mgonjwa akielezwa dawa zake mpaka akaelewa, anaridhika. Mwanafunzi akijibiwa swali lake, anaridhika. Hakuna anayelazimishwa."

"Mimi niliridhia kuolewa," mke wa fundi akadakia. "Kuridhika bado nasubiri."

Fundi aliutazama mkasi kama vile kuna mtu mwingine aliyemwekea mkononi. Akauweka chini. Akachukua gauni, akatoka mbio.

Alimkuta muuguzi kwenye kona ya mtaa.

"Dada, nilikuuliza vibaya. Ukivaa gauni hili, kazi gani itakushinda?"

Muuguzi aliitazama mikono ya fundi, akaona gauni tu bila mkasi, akatabasamu. "Kunyanyua mkono, kaka. Nikitundika dripu tu, linachanika."

Fundi alirudi, akafumua makwapa, akaongeza kitambaa. Jioni muuguzi alilivaa tena. Alinyanyua mikono yote miwili, akafika juu ya mlango, akakitungua kile kibao. Hakuna mshono uliolia.

"Wenzangu watakuja kesho kupimwa," alisema, akimpa fundi kibao. "Lakini hiki kirekebishe kwanza. Kinatisha."

Fundi alikifuta, akaandika upya, polepole, ulimi nje: USIPORIDHIKA, SEMA.

Mkewe alikisoma mara mbili.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mke wangu."

Mkewe akaweka vifungo pembeni, akavuta kiti, akakaa vizuri.

"Basi tuanze na dirisha la jikoni."