Usipige, Nitaandika

Walikutana kwenye ofisi ya kampuni ya simu, mahali ambapo hakuna anayekwenda akiwa na furaha. Msichana alikuwa fundi cherehani, amevaa gauni la maua alilojishonea mwenyewe, na alikuja kufufua laini iliyozama kwenye beseni la nguo. Mwanaume aliyeketi kando yake alikuwa fundi vioo, vidole vimejaa plasta, shati lake la bluu limekosa kifungo cha katikati. Mashine ya namba za foleni ilikuwa imemnyima karatasi, naye akawa anaikodolea macho kana kwamba anataka kupigana nayo.

"Kifungo chako kiko wapi?" msichana akamwuliza.

"Nimekuja kulalamikia simu, wewe unaniuliza kifungo?"

"Simu siiwezi. Kifungo ninacho."

Akafungua mkoba, akatoa sindano na uzi, akakishona palepale, shati likiwa mwilini na foleni nzima ikitazama. Tangu siku hiyo yeye akawa Sindano na kijana akawa Kioo, na majina hayo hawakumruhusu mtu mwingine ayatumie.

Kioo alilelewa kwenye nyumba ya kelele. Baba na mama yake waligombana mpaka majirani wakajua kila siri ya chumbani, na siku moja baba aliondoka katikati ya ugomvi, hakurudi. Kwa hiyo penzi lilipokolea, Kioo aliomba jambo moja tu. Wakikasirikiana wasisemezane, waandikiane. Na yule mwenye hasira akiandika "Usipige, nitaandika", mwenzake avute subira mpaka atakapotafutwa.

Sindano alimcheka, akamwambia basi siku ya harusi wataandikiana na viapo. Lakini alikubali, na mpango ukawafaa. Wawili hawa walijiona wajanja kuliko wapenzi wote mjini, maskini.

Mama yake Kioo alimpenda Sindano kuliko alivyompenda mwanawe, au ndivyo alivyodai kila akitaka kumchokoza kijana. Aliagiza gauni la kijani la mikono mirefu, la kuvaa siku watakapooana. Sindano alipompima, mama alimwonya asimbane kiunoni kwa sababu anakusudia kunenepa kwa furaha.

Upindo tu ndio ulikuwa umebaki siku mteja asiyemfahamu alipomtumia Sindano kiungo cha picha za mitindo ya magauni. Ili kuziona, alitakiwa kupakua programu ndogo. Programu ikauliza kama inaweza kusoma ujumbe wake. Ikauliza majina ya watu wake, ikauliza simu zake. Sindano alikuwa na pini mdomoni na sketi ya mtu magotini, akabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, kama anayefukuza nzi.

Kuanzia hapo simu ilipata moto mfukoni bila kuguswa, na chaji ikawa haikai. Kwenye programu anayotumia kuandikiana na watu akatolewa, na kila akijaribu kuingia anakataliwa. Wateja wakaanza kumjia mlangoni wamenuna, wakiuliza kwa nini anawaandikia kuomba mkopo. Aibu ikamjaa. Badala ya kusema ameingiliwa, alisema alikosea kutuma. Nani angemwachia vipimo na picha zake fundi ambaye simu yake iko mikononi mwa mwizi? Akanyamaza, na katika kisa hiki chote hakuna kosa linaloniudhi kama hilo.

Juma hilohilo alikuwa amemnunia Kioo kwa sababu ya Jumapili moja aliyoahidi kuja asije. Kwa hiyo Kioo aliponyamaza, Sindano alidhani naye amenuna.

Kumbe Kioo alikuwa kwenye ukumbi wa hospitali. Mama yake alianguka jikoni, nusu ya mwili ikakataa kumtii. Kijana akaandika, "Mama ameanguka. Anakuulizia. Njoo." Jibu likaja na picha ya Sindano pembeni yake.

"Nina hasira. Usipige, nitaandika."

Mwizi alikuwa amesoma mazungumzo yao yote, akajua ni maneno gani yatamfunga huyu mdomo. Hakuwa na chuki naye. Alitaka tu asisumbuliwe wakati anawakamua wateja.

Kioo akasubiri. Mama akauliza kwa ulimi mzito, "Fundi wangu hajafika?" Akamjibu yuko njiani. Alipoulizwa tena, alivunja mpango wao, akapiga. Hakujua kwamba simu zote zinazopigwa kwa Sindano zilikuwa zimeelekezwa kwa mwizi. Mwanaume akapokea, akipiga miayo.

"Amelala. Nimpe ujumbe gani?"

Kioo akakata. Baadaye Sindano alipopiga mwenyewe, mara moja tu, Kioo aliona namba yake na akaigeuza simu kifudifudi. Mama alikufa asubuhi, uso wake umeelekea mlangoni.

Siku hiyohiyo, mteja mmoja ndiye aliyemwambia Sindano kwamba simu yake inapokelewa na mwanaume. Hapo akarudi mbio kwenye ofisi ileile ya kampuni ya simu. Dada wa kaunta aliichukua simu, akaikatia mtandao, akabonyeza namba za kufuta uelekezaji wa simu, kisha akaitoa ile programu, ambayo ilikuwa imejificha kwa alama ya kikokotoo. Akamwelekeza abadilishe nywila zote kwa kutumia simu nyingine, aweke namba ya siri ya pili, atoe taarifa benki na polisi, kisha simu ifutwe kila kitu.

"Watu wako umewaambia?" dada akauliza.

"Bado. Naona aibu."

"Ungeanza na hilo, mdogo wangu. Kwa simu ya kuazima, hata kwa miguu. Mwizi wa namna hii anakula kwa sababu wewe umenyamaza."

Sindano alikwenda kwa miguu, gauni la kijani likiwa ndani ya mfuko. Alikuta viti vya kukodi vinapangwa juu ya vingine mbele ya mlango wa Kioo, na watu wanaongea kwa sauti ya chini. Akaelewa kabla hajaambiwa.

Kioo hakumsalimu. Alimpa simu asome. Sindano akaona maneno yao, kando ya uso wake mwenyewe.

"Si mimi," akasema, akamweleza yote.

Kioo alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekuamini," akasema. "Lakini alikuulizia mpaka sauti ikamwishia. Nikamdanganya kwamba uko njiani."

"Kwangu ni mtaa wa pili tu. Ungekuja kuniita."

"Na wewe ungekuja kusema simu yako imeingiliwa."

Kioo akasema kinachomtafuna ni kwamba sauti ya yule mwanaume aliiamini palepale, kuliko alivyomwamini yeye kwa muda wote huo. Akamwomba aondoke. Sindano akaliacha gauni juu ya kiti, akaenda zake analia barabarani bila kujali nani anamtazama.

Kesho yake mchana alikuwa kwenye cherehani. Simu iliyofutwa haikuwa na jina la mtu hata mmoja, na ilipoita ilionyesha namba tupu. Namba hiyo aliijua kwa moyo.

"Usikate," Kioo akasema. "Nina hasira."

Sindano alitaka kumwambia aandike. Akaondoa mguu kwenye pedali.

"Sema," akamjibu.

Kioo akasema. Alianza kwa sauti ya kawaida, kisha akafoka kama baba yake alivyokuwa akifoka, akamlaumu kwa kunyamaza, akajilaumu kwa kusubiri, akamtukana mwizi, akamlilia mama yake. Sindano alilia naye. Kila kijana aliponyamaza, alimwambia, "Endelea, nipo," mpaka sauti ikamkauka.

"Upindo wa gauni la mama haujaisha," Kioo akasema hatimaye.

"Najua."

"Njoo uumalizie. Sijamaliza kukugombeza, na sitaki kukugombeza kwa simu."

Sindano akachukua uzi wa kijani na sindano moja, akamwachia jirani ufunguo, akaenda.